Nyimbo Alizozikataza Baba

Nchiru, Meru
Alhamisi asubuhi

Ndugu yangu mpendwa Kithaka,

Nakusalimu kwa upendo wa dada, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Je, maumivu ya tumbo yamepungua? Je, unakula, au bado unamrudishia Mama Wanja sahani ikiwa vile vile alivyoileta? Naomba barua hii ikukute umeketi barazani ukiitazama kahawa yako, wala si kitandani ukiutazama ukuta. Nisalimie Mama Wanja, nisalimie binti yenu Wanja, na yule ng'ombe mwenye pembe moja ambaye ulinieleza habari zake kwa urefu kuliko ulivyowahi kunieleza habari za ugonjwa wako.

Mimi ni mzima. Magoti hulalamika asubuhi, kisha hunyamaza yanapoona kwamba sina nia ya kuyasikiliza. Huku Nchiru mvua imenyesha vizuri na maharagwe nyuma ya nyumba yametoa maua. Wanafunzi waliopanga vyumba vyangu wamerudi kutoka likizo pamoja na vyombo vyao vya muziki, nami nimewakumbusha masharti ya nyumba kama nilivyowakumbusha muhula uliopita. Waliitikia vizuri sana. Kelele hazikupungua.

Utashangaa kwamba nimekuandikia barua ilhali simu ninayo. Wewe ukisikia neno "hospitali" hukata simu, lakini barua hujawahi kuiacha katikati. Tena mambo ya kirumi hayazungumzwi kwa simu. Mama alitufundisha kwamba kirumi, neno aliloliacha marehemu, huzungumzwa watu wakiwa wameketi. Basi keti, ndugu yangu, usome polepole. Habari ninazokuletea si mbaya.

Jumapili, baada ya ibada, Wanja alinipigia simu. Alilia kwanza, nami nikamwacha alie. Kisha akanieleza kwamba daktari wa Embu amesema uvimbe ulio tumboni mwako uondolewe upesi, kwamba umewekewa nafasi Jumanne ijayo, na kwamba umekataa. Nilidhani unaogopa kupasuliwa. Akasema sivyo. Alisema kwamba kuna mtu alikutumia video katika simu, na katika video hiyo kuna bendi ya huku Meru inayoimba nyimbo za baba yetu, moja baada ya nyingine, mbele ya watu, na watu wanacheza. Alisema kwamba tumbo lilianza kukuuma baada ya hapo, na kwamba ulimwambia hivi: "Kisu hakiwezi kutibu neno. Wanaovunja kirumi cha mzee wanyamaze kwanza, ndipo nipasuliwe."

Mtoto yule alisema neno jingine ambalo sikulipenda. Alisema kwamba daktari hakuzungumza kama mtu mwenye muda wa kungoja.

Huhitaji kukumbushwa siku ile ya baba, lakini nitaiandika hapa ili mimi nawe tuwe na ushahidi mmoja. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Baba alikuwa amelala katika chumba cha mbele, dirisha wazi, kwa sababu alitaka kusikia watu wakipita kwenda kiwandani. Bendi yake, Thuci Jazz, ilikuwa imekwisha kuvunjika, na wapigaji wa muziki wa baa walikuwa wamezichukua nyimbo zake na kuzitia maneno machafu. Jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alikushika wewe mkono wa kuume, akanishika mimi wa kushoto, akasema mbele ya baba zetu wadogo: "Nyimbo zangu asiziimbe mtu mwingine. Nitaziimba mwenyewe." Kisha akaomba maji.

Wazee wa ukoo walilichukua neno la kwanza wakasema ndicho kirumi, neno la mwisho la mzee, ambalo likivunjwa huwarudia watoto wake. Neno la pili tuliiachia homa. Mtu anayekata roho ataimba nini? Tangu siku hiyo hakuna aliyeziimba nyumbani kwetu. Wewe uliondoa nyuzi katika gitaa lake ukalitundika ghalani. Mama, ambaye hakuwahi kusaga wala kutwanga bila kuimba, akawa anatwanga kimya.

Sasa, mimi ni mwanamke wa kanisa, nami nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Nimewaambia wengi kwamba neno la marehemu halina meno. Lakini Wanja aliponieleza habari za tumbo lako sikufanya mjadala. Mwizi akiwa mlangoni pa ndugu yako, hujiulizi kama wewe unaamini kuna wezi. Nilimwambia Wanja afute machozi, kwamba nitaitafuta bendi hiyo mimi mwenyewe na kuinyamazisha.

Haikuwa vigumu kuipata. Tangazo lao lilikuwa limebandikwa hata kwenye kioski ninaponunua mkate: "Thuci Jazz Yarudi", kila Jumatano, katika ukumbi wa hoteli moja pale Makutano, kuanzia watu wanapotoka kazini. Tangazo lenyewe lilikuwa na makosa mengi, lakini hilo si la leo.

Jumatano ni siku yetu ya maombi ya nyumba kwa nyumba. Niliwaambia akina mama kwamba nina shughuli ya ukoo, na hilo lilikuwa kweli. Nilivaa koti langu la kijivu na kofia ya Jumapili, nikachukua mwavuli, nikaenda peke yangu. Sikutaka mtu wa kunisindikiza. Aibu ya kumfukuza mtu jukwaani ilinitosha mimi mmoja.

Mlangoni kijana mwenye fulana nyeusi alinitazama kofia, akatazama mwavuli, akaniambia kwa huruma: "Shosho, umepotea? Maombi ya akina mama ni kanisani, pale ng'ambo. Hapa ni ngoma." Nilimjibu kwamba nimesoma tangazo, nami najua kusoma. Akasema, "Pole, madam," akanipeleka mwenyewe hadi kwenye kiti.

Kithaka, sikuwa nimewahi kuingia mahali pa namna hiyo. Nilitarajia giza na walevi. Niliwakuta watu wenye mabegi ya ofisi, wakulima ambao matope ya shamba hayajakauka viatuni, na wanawake wa soko waliokuwa bado wamejifunga aproni. Palikuwa na harufu ya nyama choma na ya makoti yaliyonyeshewa. Niliagiza chai, nikaambiwa hakuna, nikaletewa soda ya tangawizi yenye mrija. Niliweka mkoba magotini nikaketi wima kama mtu anayengoja kuhojiwa. Mmoja wa wale wanawake wa soko akaniuliza kama namngoja mzee wangu. Nikamwambia mzee wangu yuko kwa Bwana. Akasogeza kiti chake na kusema, "Basi sogea tukae pamoja. Hapa hata wajane hupiga makofi."

Nilipoinua macho nikamwona Mama Makandi, mweka hazina wa kwaya yetu, amesimama karibu na jukwaa katika viatu vyekundu. Naye akaniona. Glasi yake ikasimama katikati ya safari. Niliinamisha kichwa kidogo kama tunavyofanya tukipishana kanisani, naye akainamisha chake. Baada ya hapo hatukutazamana tena kwa muda.

Bendi ikapanda jukwaani. Mwimbaji alikuwa mtu mzima, mvi za kwanza zimeanza kidevuni, na shati lake limefungwa vifungo hadi shingoni kama baba alivyokuwa akifunga lake. Nyuma yake, pembeni, aliketi mzee mmoja aliyevaa kofia ya ngozi na kushika kibuyu chenye mbegu ndani, cha kutikisa. Sikumjali. Niliyemjia alikuwa yule mwenye gitaa.

Walianza na "Maji ya Thuci", ule wimbo wa kijana aliyesimama upande wa Embu akimwita msichana aliye upande wa Meru huku mto umefurika. Nilikuwa nimekunja mikono. Sauti yake si ya baba, ni nyembamba zaidi, lakini alivuta pumzi pale pale baba alipokuwa akivuta. Nilisema moyoni kwamba mwizi huyu amesoma nyumba vizuri kabla ya kuivunja.

Kisha nikaona kidole.

Unakijua kidole cha mwisho cha baba cha mkono wa kushoto, ambacho ncha yake ilibaki katika mashine ya kumenya kahawa. Unajua kwamba ndiyo sababu gitaa lake lilikuwa likichechemea, na watu walilipenda kwa kuchechemea kwake. Mtu yule pale jukwaani ana vidole vyote. Nilivihesabu. Lakini cha mwisho alikuwa amekikunja ndani ya kiganja, akicheza kwa vilivyobaki, akimwigiza mzee wetu kilema chake mbele ya watu wanaokula nyama.

Nilisimama. Wewe unajua kwamba nimewahi kunyamazisha shule nzima kwa kusimama tu. Watu wa Makutano hawakunyamaza. Mwanamke wa soko akanivuta koti, akasema, "Keti, madam, unatuzibia." Sikuketi. Nilipita katikati ya meza nikiwa na mwavuli mkononi, nikaenda moja kwa moja hadi mbele ya jukwaa, na ukumbi wote ukadhani kwamba nakwenda kucheza. Wakanipigia makofi, Kithaka. Wakapiga vigelegele. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Shosho, waonyeshe hawa!"

Mwimbaji aliniona uso, na nadhani alitambua kwamba sikuja kucheza, kwa maana alimaliza ubeti, akawaambia watu kwamba watapumzika kidogo, akashuka.

Sikumpa nafasi ya salamu. Nilimwambia kwamba mimi ni binti wa Nthiga wa kule Kanja, Embu, mwenye nyimbo hizo, na kwamba baba yetu alizikataza kwa kirumi mbele ya ukoo. Nilimwambia kwamba ndugu yangu yuko kitandani na anakataa matibabu kwa sababu yao, na kwamba akifa damu yake itakuwa katika nyuzi za gitaa hilo. Nikamwambia aliweke chini. Mwisho nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kuwacheka walemavu.

Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mikono yake mbele, kama mtu aliyelelewa. Akajibu kwa upole kwamba hamcheki mtu. Alisema alifundishwa hivyo tangu utotoni, kwamba kidole kisipokunjwa nyimbo hizi hutembea wima, nazo hazikutungwa ili zitembee wima.

Nikamwuliza jina lake kama ninavyomwuliza mwanafunzi.

Akasema, "Naitwa Nthiga."

Nilimwambia aache mzaha. Nilimwambia kwamba jina la jukwaani si jina. Akasema kwamba hilo ndilo analoitwa na mama yake akitakiwa kuchota maji.

Hapo yule mzee wa kibuyu akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, na alipopata pumzi akasema, "Angeline! Bado unasimama kama mtu ametafuta kiboko akakosa!" Nikamtazama vizuri chini ya kofia. Alikuwa Thuranira. Ndiyo, Kithaka, Thuranira mpiga ngoma wa baba, yule Mmeru aliyekuwa akija kwetu na kumaliza viazi vitamu tulivyofichiwa sisi. Nilidhani amekufa zamani. Yuko hai, na mwimbaji yule ni mwanawe.

Thuranira aliniketisha kwenye kiti chake, akanieleza. Nakuandikia kama alivyonieleza, bila kuongeza.

Ilikuwa miaka ile ambayo mimi nilikuwa nafundisha Kiambere, bwawa likijengwa, nawe ulikuwa katika kiwanda kule Thika. Mke wa Thuranira alikuwa amezika watoto, kisha akajaliwa mvulana aliyeishi. Thuranira akataka kumpa mtoto jina la rafiki yake, kwa kuwa huku Meru mtu huweza kumwita mtoto jina la mtu aliyempenda. Kwetu, kama ujuavyo, jina halitoki nje ya ukoo, na jina la baba lilikuwa likikungoja wewe uoe na kupata mtoto wa kiume. Baba zetu wadogo wangewaka moto. Baba alilijua hilo. Hata hivyo alivuka mto Thuci akiwa na mama, wakabeba asali, wakaenda hadi kwa Thuranira. Akampakata mtoto, akamtemea mate ya baraka kifuani, akampa jina lake. Thuranira anasema kwamba baba alipomrudisha mtoto kwa mama yake alisema, "Leo tumekuwa wawili." Kisha akawaomba wote wanyamaze hadi siku utakapompata Nthiga wako, ili mtu yeyote asije akasema kwamba jina lako limenyang'anywa.

Wewe Mungu akakupa mabinti, na ni mabinti wema. Baba akafa. Mama akaendelea kunyamaza. Naamini alinyamaza kwa ajili yako, kwa maana alikuwa akikuona kila mtoto alipozaliwa. Ulitabasamu, kisha ukaenda kukaa peke yako kwenye kahawa. Nami nilikuona. Thuranira naye alikuwa ameombwa anyamaze na mtu ambaye hangeweza tena kumfungua.

Unanijua. Sikubali jambo kwa sababu limesimuliwa vizuri. Nilimwuliza Thuranira ile asali ilibebwa katika chombo gani. Alinipa kile kibuyu alichokuwa akikitikisa.

Kina ufa ubavuni, na ufa umeshonwa kwa uzi mweusi, mshono wa kwenda na kurudi, wenye kifundo kidogo katika kila kona. Nilikishika, na vidole vyangu vikautambua mshono kabla ya macho yangu. Unakikumbuka kibuyu hicho? Unakumbuka mama alivyosema kwamba mbuzi amekivunja, na sisi tuliporudi likizo tukamchukia mbuzi yule hadi akauzwa? Alikuwa amekiacha Meru kikiwa kimejaa asali. Asali ilipokwisha wakakikausha, wakatia mbegu. Maisha yangu yote nimeamini kwamba mama hakuwahi kusema uongo, na sasa namshukuru Mungu kwa ule mmoja.

Nilikaa pale na kibuyu mapajani, na maneno ya baba yakanijia yote mawili kwa pamoja. Nyimbo zangu asiziimbe mtu mwingine. Nitaziimba mwenyewe. Homa haikusema kitu, Kithaka. Alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa akitueleza mambo yatakavyokuwa, nasi tukalichukua neno la kwanza na kulitupa la pili.

Sasa nakuuliza wewe, mtu wa desturi. Binti yako Wanja ni nani? Ni mama yetu, kwa sababu amelibeba jina lake. Wewe humwita Mama. Alipokuwa mtoto wa kutambaa alilichukua kopo lako la tumbaku akalitumbukiza chooni, nawe ukatangaza Kanja nzima kwamba mama amekukataza, na hujanusa tumbaku hadi leo. Mama Wanja alikuwa amekusihi kwa miaka bila mafanikio. Basi, ikiwa Wanja ni mama, huyu Nthiga ni nani? Nyimbo za baba hazijaimbwa na mtu mwingine. Kirumi hakijavunjwa hata siku moja. Kimekuwa kikitunzwa, kila Jumatano, pale Makutano. Na jina ambalo ukoo ulisema limekufa mikononi mwako limekuwa likila, likilala na kuota mvi upande wa pili wa mto.

Nilimweleza Nthiga habari za ugonjwa wako, safari hii bila mwavuli. Uso wake ulibadilika. Alisema kwamba tangu utoto amejua kuwa ana watoto wawili kule Kanja, na kwamba mara nyingi alitaka kuja kutuona, lakini akaona haya. Mtu hawezi kubisha hodi kwa watu waliomzidi umri na kuwaambia kwamba yeye ni baba yao. Nilipotaka kusimama nimwombe radhi kwa maneno niliyomtupia, alinigusa bega na kusema, "Keti, mwanangu, unywe soda yako."

Nami nikaketi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia keti nikaketi.

Sasa limebaki jambo moja ambalo ni lazima nikuambie, na nakuomba lisitoke katika nyumba yako. Walipanda tena jukwaani, wakaanza ule wimbo wa mama, "Wanja, Leta Taa". Unajua kwamba wimbo huo una itikio la wanawake. Katika bendi yao hakuna mwanamke. Ubeti ulipokwisha, pale pa kuitikia pakabaki patupu, na gitaa likazunguka papo hapo likingoja, kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Itikio hilo nililiimba na mama jikoni nikiwa sijaanza shule. Kithaka, niliitikia. Nilisimama na kofia yangu kichwani nikaitikia, ubeti wa kwanza kwa sauti ya kukwaruza, wa pili kwa sauti nzuri zaidi. Wanawake wa soko wakapiga vigelegele. Mama Makandi akaacha woga wake, akaingia kwa sauti ya pili kama tunavyoimba kwaya, akija taratibu kwa viatu vile vyekundu hadi akasimama karibu nami.

Sikuwa nimeuimba wimbo huo tangu baba alipofariki, wala kuuvumisha puani nikifua nguo. Nilikuwa nikikuambia kwamba kirumi ni upuuzi, na wewe ukidhani kwamba dada yako haogopi. Kila tuni ile iliponijia nilianza wimbo wa tenzi haraka ili niifunike. Nimeogopa kama wewe, miaka yote, tena peke yangu, maana wewe angalau ulisema. Jana woga huo ulitoka kwa njia ya koo. Nilirudi nyumbani mapema, nikalala usingizi ambao sikuupata tangu Wanja aliponipigia simu. Asubuhi hii niliwasikia wanafunzi wakifungulia muziki wao, nikawaacha.

Sasa sikiliza ujumbe uliotumwa kwako. Nimeagizwa niufikishe kama ulivyosemwa, nami naufikisha: "Mwambie mwanangu Kithaka aende hospitali Jumanne. Ajue kwamba nimesema mimi."

Nthiga atafika Jumamosi pamoja na Thuranira, nao watalala kwako hadi Jumanne, wakupeleke wenyewe hadi mlango wa chumba cha kupasuliwa. Nimemweleza habari za gitaa lililo ghalani. Anakuja na nyuzi mpya, naye anaomba mtu asiliguse hadi afike. Mwambie Mama Wanja kwamba Thuranira hula viazi vitamu kama zamani. Nthiga hula kila kitu, isipokuwa hatii sukari katika chai, na hilo silo la baba yetu, lakini tutamvumilia.

Ulimkataa daktari kwa ajili ya neno la baba. Sikulaumu kwa kumheshimu mzazi. Sasa mzazi amesema tena, naye anakuja mwenyewe kusikia jibu. Mimi sikuombi kitu, ndugu yangu. Nangoja tu kuona kama utamkatalia mbele ya uso wake.

Barua hii naituma leo kwa gari la vifurushi ili Wanja aipokee Embu jioni. Nami nitafika kwako Jumatatu, nikijaliwa, na nitakuja na maharagwe mabichi. Nisalimie wote walio nyumbani, wakubwa na wadogo, na mkumbatie Wanja kwa niaba yangu, kwa maana yeye ndiye aliyelia kwa wakati unaofaa. Mungu akulinde usiku na mchana hadi tutakapoonana.

Ni mimi dada yako, ambaye tangu jana jioni ni mtoto wa mtu tena,

Angeline